Hema la Shaibu

Vijana wa hapa Ngamiani mkipata viza ya udereva au ya upishi, mama zenu huwaleta barazani kwangu niwape maneno mawili matatu ya Kiarabu kabla hamjapanda ndege. Mnafika na daftari. Mnataka yalla, mnataka halas, mafi, ikama, kafili, na mkishaziandika hizo mnaona mmefuzu. Mimi nawaambia liko neno moja msiliandike kwanza: fahim. Maana yake nimeelewa. Ni jepesi, linampendeza bosi, na unaweza kulitamka hata ukiwa hujaelewa kitu. Ndilo lililoniponza mimi, na aliyelilipia alikuwa mtu mwingine.

Kwenye ikama yangu, yaani kibali cha kuishi kule, kazi iliandikwa dereva. Kazi yenyewe hasa ilikuwa kambi. Nyumba niliyoitumikia Riyadh ilikuwa mtaa wa Malaz, na bosi wangu tulimwita Baba ingawa mimi na yeye tulizaliwa karibu mwaka mmoja. Alikuwa na stoo kule Sulay, ndani yake mahema, mazulia, masufuria ya kupikia watu hamsini na magaloni ya maji. Kiangazi chote vitu hivyo vililala na vumbi lao. Ikifika vuli Riyadh nzima inapagawa. Joto likishuka kidogo tu, watu wenye nyumba za marumaru na viyoyozi kila chumba wanataka kwenda kulala chini. Nilishangaa mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili nilikuwa nawahimiza mimi.

Msidhani jangwa lote ni mchanga. Kuna mahali panaitwa rauda. Ni bonde pana la udongo mzito, limeota mikunazi na migunga hadi likawa msitu, na mvua za vuli zikinyesha maji yote ya pande zile hukimbilia humo yakatuama. Mvua hizo wao huziita wasmi. Ziwa linalotokea huishi miezi miwili au mitatu, halafu halipo. Bata hushuka humo, sijui huwa wanaambiwa na nani. Rauda yetu ilikuwa upande wa mchanga mwekundu wa Dahna, mwendo wa saa nzima baada ya kuiacha lami. Hakuna choo, hakuna bomba, na simu haishiki kabisa.

Kazi ya kule ina mambo yake. Kabla ya kuingia mchangani punguza upepo wa matairi mpaka yalegee, na usione aibu gari likionekana limechoka. Mlango wa hema usiuelekeze kaskazini, maana upepo wa huko utakuingilia bila hodi. Kigingi cha kwenye mchanga usikipigilie kikisimama wima kama unatundika picha: kilaze, kifukie, weka mfuko wa mchanga juu yake. Choo kichimbwe upande unakokwenda upepo. Asubuhi kung'uta viatu kabla hujavivaa, kwa sababu nge naye anapenda joto. Nilijifunza yote haya kwa kukosea, na nge wawili.

Kosa langu la kwanza kabisa lilikuwa la kahawa. Walikuja wageni kambini, watu wazima wenye heshima zao, nikapewa birika niwamiminie. Mimi mtoto wa Tanga, mgeni kwetu humjazii nusu kikombe, atakuona bahili. Nikajaza hadi juu. Mgeni wa kwanza akakitazama kikombe, akakiweka chini, akasimama. Wa pili akasimama. Kumbe kule kahawa humiminwa kidogo tu chini ya kikombe, na ukimjazia mtu umemwambia anywe aende zake. Baba alibadilika rangi. Aliyeokoa hali ni baba yake, aliyecheka hadi akashikwa na kikohozi.

"Mwacheni," alisema. "Kanifukuzia watu niliokuwa nimewachoka mwenyewe."

Huyo mzee ndiye kisa chenyewe. Sisi wafanyakazi tulimwita Baba Kabiri, yaani baba mkubwa. Wanawe walimwita shaib, na sikuhitaji mkalimani hapo, maana ni shaibu letu hilohilo, mzee wa kupindukia. Ujana wake aliumaliza akichunga ngamia kutoka rauda moja kwenda nyingine. Uzeeni alikaa Malaz kwenye kochi, mtoto wa jicho macho yote mawili, magoti yamegoma, akingojea wasmi. Miezi mingine ya mwaka haikumhusu. Alikuwa na hema lake dogo jeupe, nami kila mara nililipiga juu ya kilima cha mawe pembeni mwa rauda, mbali na kelele za wajukuu. Kupiga hema juu ya mawe ni adhabu. Kila kigingi kilinigharimu kucha.

Vuli yangu ya tatu nilitangulia peke yangu na pikapu iliyojaa mahema yote. Baba alikuwa Jeddah kwenye shughuli zake, angerudi kwa ndege kesho yake na kuja moja kwa moja na madam na watoto. Nikasimama kituo cha mwisho cha mafuta, simu ikalia. Ni Baba, na sauti yake ilikuwa inakatikakatika.

"Rajabu! Kheima, mafi shaib! Mafi shaib! Fahim?"

"Fahim, Baba," nilisema, na simu ikakata.

Sikujisumbua hata kidogo. Kheima ni hema. Mafi ni hakuna. Shaibu ni shaibu. Hema, hakuna shaibu: mzee haji safari hii, usimpigie hema. Nikasikitika, nikadhani magoti ndiyo yamemzuia. Halafu, na hili nalisema kama lilivyo, nikafurahi, kwa sababu mzee asipokuja sina haja ya kupanda kilima cha mawe.

Hema dogo nikaliacha limekunjwa kwenye pikapu. Lile kubwa nikalipiga chini, mahali pazuri kuliko pote nilipowahi kupaona: ukanda wa mchanga laini, tambarare, mikunazi kulia na kushoto, na mbele yake udongo wa ziwa ukiwa na madimbwi ya mvua ya wiki iliyopita. Vigingi viliingia kama kwenye uji. Nikatandika mazulia, nikawasha moto, nikajimiminia kahawa, nikaijaza hadi juu kwa kuwa nilikuwa peke yangu.

Kabla ya adhuhuri gari likafika. Lilikuwa la Nasiri, mdogo wake Baba. Ndani alikuwemo Mama Mwende, Mkamba wa Kitui aliyekuwa mpishi wa nyumba na mtunza dawa za mzee. Na kiti cha mbele, fimbo mapajani, alikuwemo Baba Kabiri.

Nasiri alimshusha baba yake kwa haraka akageuza gari arudi barabarani, kuni zilikuwa zimesahaulika. Hakutazama hata hema liko wapi. Mimi nilibaki nimeduwaa, na hema dogo sijalipiga. Nikajiambia nitalipiga jioni. Tukamwingiza mzee kwenye hema kubwa, akala, akaswali ameketi, akalala.

Mama Mwende hakulala. Alizunguka nje ya hema, mikono kiunoni, akitazama juu ya miti.

"Rajabu, hizi nyasi zilipanda kwa mti zikifanya nini?"

Nikatazama. Kweli, kwenye matawi ya mikunazi, usawa wa kifua changu, kulikuwa na nyasi kavu na vijiti vimekwama.

"Ndege hao, mama."

"Ndege gani hao wanajenga upande mmoja tu, miti yote? Na nyumba haina mlango?" Akaokota mchanga, akauachia upite vidoleni. "Skiza. Kwetu Kitui mto ni mchanga kama huu. Watoto wanachezea mpira hapo. Halafu siku moja maji inashuka, na hapo ulipo wewe ni jua tu inawaka."

"Baba mwenyewe ndiye aliyenipa maagizo."

"Alikuambia nini?"

"Aliniambia shaibu haji."

"Na si huyu amekuja?"

Mtu mwenye akili angesimama hapo hapo akajiuliza: kama mzee amekuja, basi Baba alisema nini? Mimi nilikasirika. Niliona mwanamke wa jikoni ananifundisha kazi ya mahema. Nikamwambia akaangalie wali wake. Yeye akaenda, lakini niliona amehamisha dawa za mzee na viatu vyake, akavipeleka kwenye pikapu, niliyoiegesha juu penye mawe nisije nikazama mchangani.

Alasiri Nasiri akarudi na kuni. Alisimamisha gari juu ya kilima, akashuka, na nikaona amejishika kichwa.

"Shaib fi shaib!" alipiga kelele. "Ya Rajabu! Shaib fi shaib!"

Nikadhani amepatwa na kigugumizi. Shaibu ndani ya shaibu? Akanyoosha kidole kwenye hema, shaib, kisha akachora nyoka hewani kwa mkono, kutoka juu ya bonde hadi pale nilipokuwa nimesimama, shaib. Ndipo nilipoelewa. Watu wa Najd, pande zile za Riyadh, wanaliita korongo la maji shaib. Mimi bonde nililijua kwa jina la wadi, kama lilivyo vitabuni. Kwao neno la mzee na neno la korongo hayafanani hata chembe, moja lina herufi ain, inayotoka kooni. Kwa sikio la Ngamiani ni neno moja. Baba alikuwa ameniambia: hema lisiwe korongoni. Alirudia mara mbili. Nami nilimwambia fahim.

Mama Mwende hakungoja nimalize kuelewa. Alikuwa ameshaingia hemani anavuta zulia na mzee juu yake. Nasiri akaja mbio. Mzee ameamka, anauliza fimbo iko wapi, anataka viatu, anasema haondoki pekupeku kama mwizi. Tulikuwa watatu na zulia lina pembe nne, nikashika mbili. Juu yetu mbingu ilikuwa safi kabisa, buluu, wingu hata la dawa hakuna. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, upande wa machweo, mahali ambapo hatukupaona.

Maji hayakuja kwa kishindo. Yalitangulizwa na takataka, vijiti na povu la rangi ya chai, yakitembea taratibu kama mtu asiye na haraka. Yalinifika kifundoni tukiwa nusu ya njia, magotini tulipogusa mawe ya kwanza. Hapo Nasiri aliteleza na zulia likazama upande mmoja, miguu ya mzee ikaingia majini, na nilihisi maji yakimvuta kutoka mikononi mwangu. Niliogopa kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Mama Mwende alimkamata kwapani, akamvuta kama gunia, naye akalala chali juu ya mawe mzee akiwa kifuani kwake.

Tulipogeuka, hema lilikuwa linaondoka. Vigingi vyangu vilivyoingia kama kwenye uji vilitoka hivyohivyo.

Mzee alikaa, maji yanamchuruzika, akainamisha kichwa upande kama anayesikiliza redio.

"Linajaa?" aliuliza.

"Linajaa, baba," alisema Nasiri.

"Nigeuzeni."

Tukamgeuza akaelekea ziwa ambalo hakuweza kuliona, akakaa hapo hadi magharibi, anatabasamu.

Kesho yake Baba alifika. Kabla hajafunga mlango wa gari alikuwa ameshaona hema halipo. Aliuliza swali moja: nani alichagua mahali? Ikama yangu ilikuwa imebakiza miezi miwili. Neno moja la Baba na ningerudi hapa na begi moja, nyumba yangu ikiwa haina bati, na mngenicheka. Nilifungua mdomo. Nadhani ningesema. Nimejiuliza swali hilo miaka mingi na bado nasema nadhani.

Baba Kabiri aliwahi. "Mimi ndiye niliyemwambia apige pale."

"Wewe? Korongoni?"

"Nilitaka kuwa karibu na maji." Akanigeukia, macho yake meupe hayakunilenga sawasawa. "Rajabu. Fahim?"

Mama Mwende alikuwa ananitazama. Nasiri alikuwa anatazama chini.

"Fahim, Baba Kabiri," nilisema.

Baba hakugomba. Afadhali angegomba. Alimwambia baba yake kwa upole, kama unavyozungumza na mtoto, kwamba mtu aliyesahau korongo ni nini hana tena kazi nyikani. Tangu vuli ile mzee hakupelekwa rauda.

Mama Mwende alinisemesha jikoni wiki ile ile, anakata vitunguu. "Utamwambia Baba lini?"

"Nikipata nafasi."

"Nafasi utapewa na nani?"

Mkataba wake ulipoisha aliondoka, na hatukuagana vizuri.

Baada ya hapo wasmi ya mzee ikawa uani Malaz. Kila vuli aliniagiza nilipige hema lake dogo jeupe kati ya gari na tangi la maji, mlango usielekee kaskazini, ingawa kuta zimetuzunguka pande zote na upepo hauna pa kupita. Nililipiga sawasawa, kila kamba. Humo ndani alijaribu kunifundisha ain. "Sema kama umekwamwa na mwiba wa samaki," aliniambia. Nilijaribu hadi jirani akachungulia. Halas, alikata tamaa, tukakubaliana ishara: shaib ya mzee unashika kidevu, penye ndevu, shaib ya korongo unachora nyoka hewani. Nikaanza kumwuliza kila mtu, kila neno. Shaib yupi? Kesho ipi? Huku wapi? Wenzangu waliniona mjinga, lakini sikupotea tena.

Siku moja nilimwuliza kwa nini alisema vile.

"Wewe ungerudishwa kwenu," alisema. "Mimi ningerudishwa wapi? Kwetu ni hapa." Akapapasa kamba ya hema. "Nilidhani ikifika vuli nyingine mwanangu atakuwa amesahau. Sikujua nimemlea vizuri hivyo."

Hata hapo sikusema. Nilikuwa na sababu, na kila mwaka niliikuta bado inafaa.

Siku hizi kazi imebadilika. Bosi hakupigii simu ya kukatikakatika, anakutumia alama ya mahali, unafuata mshale hadi kwenye jiwe lenyewe. Mahema yanafunguka yenyewe ukiyarusha, na kuyakunja tena ndiyo kazi. Miti hairuhusiwi kukatwa hata tawi, kuni hununuliwa, moto huwashwa kwenye sinia la chuma usiziguse nyasi. Ni vizuri. Rauda zinaota upya. Lakini mshale wa simu haukuulizi kama umeelewa, na mtu atakuuliza.

Baba Kabiri alifariki kiangazi kimoja, kwenye kochi, miezi mitatu kabla ya wasmi.

Baada ya matanga nilimwendesha Baba kutoka Jeddah, alikuwa anafunga fleti yake kule na gari limejaa vitu. Jeddah hadi Riyadh ni siku nzima barabarani. Tulipita Taif, tukanywa chai, tukaendelea. Katikati ya njia, mahali pasipo na kitu, nilisikia mdomo wangu unasema: "Baba, lile hema la korongoni, nilichagua mimi. Uliniambia mafi shaib, nikadhani mzee haji."

Aliniambia nisimamishe gari. Akashuka, akatembea mchangani na kanzu yake ikipeperuka, akasimama huko amenipa mgongo. Nilizima injini. Nilijua nimekwisha, na sikujali kama nilivyodhani ningejali. Aliporudi aliketi kiti cha nyuma, mahali ambapo hakuwahi kuketi.

"Kila vuli aliniomba," alisema. "Kila vuli nilimwambia: umesahau."

Tulifika Malaz usiku. Nilifungasha begi langu usiku uleule. Kesho yake hakunifukuza, na kesho yake tena. Alinipa kazi kwa ishara ya kichwa, basi.

Mvua ya kwanza ya wasmi iliponyesha, alinikuta naosha gari. Akaniambia nipakie mahema Sulay, tunakwenda rauda, mimi na yeye tu. Tulifika mchana. Ziwa lilikuwa limejaa, bata wameshafika. Nilishusha hema kubwa. Akatikisa kichwa, akafungua pikapu mwenyewe, akalitoa lile dogo jeupe, akaliweka mikononi mwangu.

"Hema la shaib," alisema.

Nilikuwa nimejiapiza kuuliza kila neno, hata nikiwa najua. Nikauliza, "Shaib yupi, Baba?"

Ishara zetu za uani hakuzijua, hatukuwahi kumwonyesha. Mkono wake ukapanda kidevuni, ukashika ndevu zake zilizoanza kuwa nyeupe, ukabaki hapo.

Nikabeba hema, nikapanda kilima cha mawe.